Daftari la Baba

Baba alikuwa mzee wa kanisa katika ushirika mmoja wa PCEA, Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, karibu na Molo, na wilaya yake ilikuwa nyumba kumi na nne. Wiki ya Meza ya Bwana alizizungukia zote jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, mimi nikimmulikia tochi. Swali lake lilikuwa moja: kuna mtu mna neno naye? Wengi walijibu hapana upesi mno. Basi baba aliketi, akakubali chai, akaongea habari za viazi na bei ya pareto mpaka neno lenyewe likatoka: ndama aliyeingia shambani, deni la mbegu, wake wa ndugu wasiosalimiana. Wakipatana, alitia alama ya penseli daftarini, kando ya jina.

Siasa hazikuingia humo. Mapigano ya 1992 yalipochoma nyumba Molo, tuliomba, tukachanga mablanketi, tukarudi kwenye ndama na mbegu.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007, na mapigano yaliyoufuata. Januari tulilala chini ya turubai kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Baba alikuwa ameacha hata viatu, lakini daftari alikuwa nalo ndani ya koti, na kila asubuhi alilipitia kujua nani amefika na nani bado. Siku moja akalifunga. "Mwanangu," akasema, "yule mzee wa ng'ambo ya mto hayumo humu."

Angekuwamo vipi? Alikuwa Mkalenjin, nasi tuliabudu kwa Kikuyu. Tulipakana naye miaka thelathini, tukiazimana jembe na fahali, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama ana neno nasi.

Mwaka huo wa 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa, ambalo PCEA ni mwanachama wake, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa waliegemea pande. Baba alisikia hayo redioni, akanyamaza.

Tuliporudi shambani, kanisa lilikuwa limebadilika, kwa kiasi fulani. Ibada ya Kiswahili ilianzishwa. Zilikuja semina, na fulana zilizoandikwa AMANI kifuani. Katikati ya ibada tukaanza kupeana mkono wa amani, jambo ambalo sikulipenda: kuna kazi gani kumshika mkono mtu mliyeshuka naye matatu moja?

Baba hakuwa mtu wa semina. Meza ya Bwana ilipokaribia, aliandika daftarini jina la kumi na tano, la mtu asiye mshirika wetu, akavuka mto. Tochi aliikataa. Safari hii alikwenda mchana, polepole, aonekane tangu mbali.

Waliongea viazi. Mara ya pili, maziwa. Mara ya tatu neno likatoka: mwana wa yule mzee alikuwa miongoni mwa waliokuja kwetu na viberiti.

Siku hiyo baba hakutia alama. Daftari ninalo mimi sasa, tangu nilipowekewa mikono kuwa mzee. Kando ya jina la kumi na tano pana alama ya penseli, hafifu, kama iliyofutwa ikaandikwa tena.