Nani Alimsikia?

Tulikuwa tumewapeleka vijana wa kipaimara Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, kuona tembe alimokaa Dkt. Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi ambao Stanley alimtumia kutoka pwani. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilikuwa ikipumzika huku Unyanyembe. Mwaka uliofuata Livingstone alipitishwa tena hapa akiwa maiti, akina Chuma na Susi wakimbeba kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo.

Pale mlangoni tukawasimulia vijana jinsi alivyokutwa amekufa akiwa amepiga magoti. Tukavuka hapo: tukawaambia na maneno aliyoomba, kama tulivyozoea kufanya mimbarini. Binti mmoja akauliza, "Baba Mchungaji, nani alimsikia?"

Hakuna. Ndani ya kile kibanda alikuwamo kijana Majwara, naye alisema wazi kwamba usingizi ulimpitia. Alipojilaza alimwacha bwana wake amepiga magoti, akasinzia. Alipozinduka na kumkuta vilevile, akaenda kumwita Susi. Hayo ndiyo aliyoyajua, wala hakuongeza.

Bibi zetu jioni walitueleza hata alichowaza sungura moyoni, nasi hatukudai ushahidi. Hadithi ina ruhusa yake: msikilizaji ameitikia kabla haijaanza, anajua yumo hadithini. Mimbari haina ruhusa hiyo. Tunamkiri Mungu ajuaye yote, Zaburi ya 139 tumeifundisha mara ngapi, kisha taratibu tunaanza kusema kana kwamba ametufunulia daftari lake.

Swali lile lilituuma kwa sababu nyingine. Miezi michache nyuma, kwenye mazishi ya mtoto wa miaka minne, tulimweleza mama yake Mungu alikuwa akimwepusha mtoto na nini. Tulieleza vizuri, watu wakaitikia amina. Mama yule hakurudi ibadani.

Jumatatu tulikwenda kwake, bila kola, bila mwinjilisti. Alikuwa uani anapepeta mchele.

"Mama, siku ile tulisema tusiyoyajua. Mungu anajua. Sisi hatujui."

Akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Nilijua kuwa hamjui, Baba. Nilikuwa nangoja mseme."

Akatusogezea kigoda.