Mbega wa Budongo



Likizo iliyopita tuliwachukua watoto kutoka Kampala hadi msitu wa Budongo, wilaya ya Masindi. Bibi yao hakupendezwa: "Mnachoma mafuta yote hayo kwenda kutazama nyani?" Wapo pia kwetu wanaodhani nyani ni mabaki ya watu waliolaaniwa, ingawa Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa waliogeuzwa hawakuachiwa kizazi.

Tulilala karibu na msitu. Kabla ya alfajiri, giza bado totoro, mbega dume alianza. Si wimbo kama wa wale giboni wa Asia tunaowaona kwenye televisheni. Ni mngurumo mzito, krrr krrr, kama bodaboda inayokataa kuwaka asubuhi ya mvua. Akimaliza mmoja, wa kundi jingine hujibu, halafu mwingine mbali zaidi, mpaka msitu wote unanguruma. Mtoto wetu mdogo alinishika mkono akidhani ni simba. Tukasali, na kulipokucha tukawaona juu ya mti, weusi, manyoya marefu meupe yakining'inia ubavuni, wanatafuna majani taratibu utadhani si wao. Subhanallah!

Niliporudi nyumbani nikasoma zaidi. Mbega akiona chui hukoroma kwanza, kisha hutoa milio mifupi mifupi. Akiona tai, mlio huwa mrefu. Sasa sikilizeni hili. Huko Budongo, eneo la Kaniyo Pabidi lina chui, lakini Sonso, ndani ya msitu huohuo, chui walikwisha kutoweka. Anne Schel na Klaus Zuberbühler waliwajaribu mbega wa pande zote mbili kwa mfano wa chui, wakachapisha matokeo mwaka 2009: hata wa Sonso walipiga mlio wa chui, mnyama wasiyeishi naye.

Binti yangu wa darasa la sita aliuliza kama wana mlio wa msumeno. Sikuwa na jibu. Kusini mwa msitu miwa imefika ukingoni kabisa, na ndani kuna mitego ya waya inayotegewa paa na nguruwe mwitu, ambayo hunasa hata mikono ya sokwe.

Mwenye nia ya kwenda na familia alale hukohuko. Ukifika saa tatu asubuhi utawakuta wamekwisha kunyamaza, na watoto watasema umewadanganya.