Nilimfokea mtu bure, kumbe shida ilikuwa kwa ekstensheni

Wacha nianze na kitu kinachoniaibisha. Mwezi uliopita nilipigia huduma kwa wateja ya kampuni yetu ya intaneti nikamfokea dada wa watu. Nikamwambia wanakula pesa zetu bure. Akaniuliza kwa upole, "Rauta yako inawaka taa gani?" Nikakata simu. Sikuwa najua. Sikuwa hata nimeenda kuiangalia.

Hali ilikuwa hivi. Mimi nalala SQ, nyuma ya nyumba ya wazazi. Rauta iko sebuleni, na kati yetu kuna kuta mbili za mawe, kwa hivyo waifai inanifikia ikiwa imechoka kabisa. Ndiyo nikanunua zile adapta mbili za kupitisha intaneti kwa nyaya za stima. Moja unachomeka karibu na rauta na kuiunganisha kwa kebo, nyingine unachomeka huko uliko, na data inapita kwa waya uleule unaowasha balbu. Wiki ya kwanza ilikuwa poa sana. Halafu ikaanza kusumbua.

Siku hiyo nilikuwa na video ya mama mmoja mwenye duka la keki, mteja wangu wa kwanza wa kulipa vizuri. Faili ilikuwa GB 2, na alitaka kuipata kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kwa kifurushi chetu cha Mbps 10, hiyo ni kama nusu saa tu. Nilipopima kasi nikapata 0.5. Piga hesabu: karibu saa tisa. Na ilikuwa saa tisa mchana.

Utaniuliza, kwani si ungebeba laptopu uende sebuleni? Ndiyo, ningebeba. Lakini mzee alikuwa huko. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo huwa ananiuliza kitu kimoja tu: "Hiyo kazi ya simu inaendeleaje?" Hapigi kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nilikuwa tayari kugombana na kampuni nzima kuliko kukaa na baba yangu nusu saa.

Saa kumi na moja kasorobo nikashindwa, nikaenda. Rauta ilikuwa inawaka kijani, hakuna taa nyekundu ya LOS, ile inayowaka faiba ikikatika. Nikachomeka kebo moja kwa moja kwa laptopu. Kasi ikarudi 10. Hapo ndipo nilijua yule dada hakuwa na kosa lolote. Intaneti ilikuwa inafika kwetu vizuri. Ilikuwa inapotelea ndani ya boma letu.

Faili ikaanza kupanda. Mzee akasogea, akaangalia ile video mpaka mwisho. Akauliza, "Hizi keki umepiga picha wewe?" Nikasema ndiyo. Akauliza nalipwa ngapi, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akaniona navuta adapta pale chini. "Hiyo wacha hapo kijana yangu, hiyo ekstensheni ni mpya. Nilinunua ya kulinda TV. Inachuja uchafu wa stima."

Inachuja uchafu wa stima. Nikabaki nimesimama.

Kumbe ndiyo hiyo. Adapta hizi hupitisha data kama mawimbi madogo ya kasi juu ya umeme wa kawaida. Ekstensheni nyingi za kulinda vifaa zimetengenezwa kuzuia mawimbi ya aina hiyo. Kwa ile ekstensheni, data yangu ilikuwa uchafu. Mzee alipopanga TV upya, alihamisha adapta yangu huko bila kujua, na mimi sikuuliza. Nikaichomeka kwa soketi ya ukutani, nikarudi SQ, nikapima: 9.4.

Kwa hivyo kama una shida kama yangu, usianze na simu. Anza na taa za rauta. Kisha weka laptopu kwa kebo kwenye rauta yenyewe. Kama hapo pia ni mbaya, sasa piga simu, una haki. Kama hapo ni sawa, shida iko kwako. Adapta zote mbili ziende ukutani, si kwa ekstensheni, na mbali na chaja za bei rahisi, maana zingine huleta kelele kwa waya. Kama bado hazionani, zilete chumba kimoja, uziunganishe upya kwa kile kitufe chao. Na kama SQ yako ina mita yake ya tokeni, usitegemee sana, maana kupita mita mbili mara nyingi hushinda hizo mawimbi. Pia usidanganywe na ile 600 ya kwa boksi. Hiyo ni ya maabara, na nyingi zake tundu la kebo linaishia 100.

Kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitu vitano pamoja, hutajua ni gani kilikusaidia.

Faili ilifika saa kumi na moja na dakika ishirini. Mama wa keki alilipa jioni hiyohiyo. Yule dada wa simu sijui nitampata vipi, lakini nilipiga tena ile namba, nikapata kijana mwingine, nikaomba msamaha kwake. Alicheka, akaniuliza kama intaneti iko sawa sasa. Nikamwambia iko sawa, na taa ni ya kijani.