Niliyaua Majani ya Mke Wangu

Jamani, nikiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani: bustani ya mbele ya nyumba yetu hapa Tegeta niliiua mimi, Jumamosi asubuhi, huku napiga mluzi.

Majani yale ya Pemba mke wangu aliyanunua kwa hela yake ya mchezo. Mimi nilikuwa Mwanza kikazi miezi sita, naye kila jioni akitoka ofisini anachomeka miche, kipande kwa kipande. Kwenye simu alinisimulia majani kuliko habari nyingine yoyote. Niliporudi nikakuta zulia la kijani, ila ndago zimechomoza kila kona. Nikajisemea, ngoja nimfanyie sapraizi.

Duka la pembejeo nikaomba "dawa kali ya magugu". Nikapewa glaifoseti, nikajaza bomba, nikapuliza uwanja mzima. Maandishi ya kwenye chupa sikuyasoma; wanaume na maelekezo, si mnatujua? Siku ya tano majani yakaanza kuwa ya njano. Wiki ya pili, kahawia tupu. Mke wangu alisimama barazani, akasema, "Mimi nilikuwa nazing'oa kwa mkono," akaingia ndani. Siku tatu chai nilijitengenezea mwenyewe.

Kwa kihoro nikataka kumwaga urea. Bahati nzuri nilirudi dukani kwanza. Muuzaji, binti mdogo tu, akanipa somo ambalo ningelipata mapema kama ningeuliza. Glaifoseti haichagui: jani lolote bichi likilowa, dawa inashuka mpaka mizizini. Ipo 2,4-D inayolenga magugu ya majani mapana, lakini si kila nyasi huivumilia, na ndago haisumbuki nayo sana. Ukishapuliza, usifyeke kwa siku kadhaa, utakata dawa kabla haijafika chini. Mtoto na kuku wasikanyage mpaka pakauke. Na mbolea, kaka, haifufui kilichokufa.

La kunipa moyo lilikuwa moja. Glaifoseti ikifika ardhini hunaswa na udongo, kwa hiyo haiui miche mipya. Nikangoja vyote vikauke, nikakwangua mabaki kwa reki, nikalainisha udongo na kuchanganya samadi iliyooza vizuri. Nikanunua viroba vya miche, safari hii kwa hela yangu, nikaanza kuchomeka, kila mmoja shubiri moja kutoka mwenzake. Maji asubuhi na jioni mpaka mizizi ishike. Mgongo ulinitambua! Ndipo nilipoelewa ile miezi sita alikuwa anafanya nini.

Jumamosi ya tatu nimechuchumaa pale, nikasikia kigoda kinaburutwa. Mke wangu akakaa, akaangalia mstari wangu, akang'oa mche mmoja.

"Huu umeupanda miguu juu."

Akaugeuza, akauchomeka. Tukaendelea hadi giza.

Sasa pamefunika, na tunapofyeka hatukati zaidi ya theluthi moja ya urefu. Ndago nazo zimerudi, maana vile vitunguu vyake vya ardhini havifi kirahisi. Tunazichimbua kwa kisu zikiwa changa, mimi upande wa geti, yeye upande wa jikoni. Bomba nililiosha, nikampa jirani. Nilimwambia asome chupa.