Korongo la Bwana Shamba

Nilifika Kolo mwaka 1977, kijana mwenye cheti cha kilimo, nimebeba kamba, pimamaji na vigingi viwili vya mti. Mji wa Kondoa ulikuwa kusini yetu, na mbele barabara ya Babati ilizama katika vumbi jekundu. Vilima vya Irangi vilikuwa vimechanwa na makorongo, mengine yangeweza kumficha ng'ombe na mchungaji wake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, sisi tukiuita HADO, ulianza 1973. Kazi yangu ilikuwa kupima makinga maji.

Kinga langu la kwanza nililipima juu ya shamba la uwele la bibi mmoja. Kiputo cha pimamaji kilikuwa kikikwama. Nilikiona, lakini jua lilikuwa linazama na mimi nina njaa. Mvua kubwa ya kwanza ilitafuta palepale nilipokosea. Asubuhi tulikuta mfereji umelipasua shamba, ukiingia unakufika kiunoni. Bibi hakunigombeza. Alishuka, akaichomoa miche iliyoning'inia ukingoni, akaifungia kwenye kanga.

"Bwana shamba," akasema, "hili nalo utalipima?"

Mwaka 1979 ilikuja amri kwamba mifugo yote itoke, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda. Nilipita nyumba kwa nyumba kuitangaza. Kwa Mrangi ng'ombe ni maziwa, ni mahari, ni samadi. Bibi aliniuliza hiyo samadi ataitoa wapi. Nikamsomea waraka tena, kana kwamba hakusikia. Mwanawe aliwaswaga ng'ombe kwenda tambarare. Yeye akapanda maboga ndani ya zizi.

Nyasi zilirudi upesi kuliko nilivyotarajia, na visiki vya miyombo vikachipua. Sitasema amri ilikuwa mbaya. Nasema tu kwamba harufu ya zizi ilipotoweka, jioni za Kolo zilikuwa kama za msibani. Ng'ombe wa kufugwa bandani, wakikatiwa majani, walikuja miaka kumi baadaye.

Nilirudi nikiwa mstaafu, nikapanda bodaboda kwenda kuona michoro ya mapangoni, ile iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kijana alikata kona penye matete marefu.

"Tunapita Korongo la Bwana Shamba, mzee. Ni njia ya mkato."

"Bwana shamba yupi?"

Hakumjua.