Kitanda Usichokilalia

Swali: Andika insha itakayodhihirisha ukweli wa methali: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kila ninapoisikia methali isemayo kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mimi humkumbuka chui. Niliwahi kukipa kizimba chake alama 38 kwa 40, nikatia sahihi yangu chini, wala sikujiuliza hata mara moja ni nani aliyekuwa akilala mle.

Nilikuwa katika kidato cha tatu wakati huo, nami nilikuwa katibu wa chama cha wanyamapori shuleni petu. Kwa muhula mzima wanachama tulikuwa tumeuza mahindi ya kuchemsha na kuosha magari ya wazazi siku za mikutano, hadi mwekahazina akatangaza kuwa tuna shilingi 8,400. Tulikubaliana kuwa fedha hizo ziwasaidie wanyama wa jamii ya paka waliofungiwa vizimbani: simba, chui, duma na mondo. Tulijua vituo viwili vilivyofuga wanyama hao. Mimi ningevikagua na kuvipa alama, na kile ambacho kingeongoza ndicho kingepokea jasho letu. Sitavitaja kwa majina. Nitaviita kituo cha kwanza na kituo cha pili.

Niliandaa vigezo vinne, kila kimoja alama 10: usafi, usalama, uchangamfu wa mnyama na jinsi anavyoonekana. Nilijiona hakimu wa kweli. Siku ya ziara nilipanda basi nikiwa na kalamu mbili, moja ya akiba.

Kituo cha kwanza kilinifurahisha tangu langoni. Vizimba vilipangwa kwa mstari, vyote vya ukubwa mmoja. Sakafu ya saruji ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na vyuma vilikuwa vimepakwa rangi ya kijani. Chui alikuwa wa tatu kutoka langoni. Alipiga hatua tisa akafika pembeni, akageuka, akapiga hatua tisa akarudi. Ubavu wake ulipita karibu sana na vyuma hivi kwamba ningeweza kuhesabu madoa yake. Tulikaa pale karibu nusu saa, naye hakupumzika. "Huyu hachoki!" nilimwambia mwenzangu. Nikaandika: usafi 10, usalama 8, uchangamfu 10, kuonekana 10.

Alasiri tulifika kituo cha pili. Kizimba cha chui kilikuwa kikubwa, lakini mle ndani mlikuwa na nyasi ndefu, vichaka, jiwe kubwa, mti uliopandwa na mwingine uliolazwa. Majani makavu yalikuwa yametapakaa na mfupa mmoja ulionekana karibu na jiwe. Tulikodoa macho kwa dakika kumi. Hatukuona hata ncha ya mkia. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alinung'unika kuwa tumelipia kuona nyasi, nasi tukacheka. Nikaandika: usafi 5, usalama 8, uchangamfu 0, kuonekana 0. Jumla 13. Kazi ikaisha.

Siku iliyofuata nilimkabidhi mwalimu mlezi wa chama ripoti yangu. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akavua miwani.

"Nani aliyeweka vigezo hivi?" aliuliza.

"Ni mimi, mwalimu."

"Chui aliulizwa?"

Wenzangu waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa mwalimu naye hakucheka. Alifungua kabati, akanipa karatasi kadhaa za kusoma na kuniambia, "Fedha hazitoki wiki hii. Soma kwanza. Halafu urudi kule ukakae, usipite tu."

Nilisoma usiku huo baada ya masomo ya jioni. Karatasi ya kwanza ilimhusu Carl Hagenbeck, Mjerumani aliyekuwa mfanyabiashara wa wanyama wa porini. Mwaka 1907 alifungua bustani ya wanyama Stellingen, karibu na Hamburg. Badala ya kuwaweka simba nyuma ya vyuma, aliwaweka mahali pa wazi palipotengwa na watazamaji kwa handaki, baada ya kupima umbali ambao wanyama hao wangeweza kuruka. Watu walistaajabu, na bustani nyingi duniani zikamwiga. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, nilipotafakari niliona kuwa handaki lilimwondolea mtazamaji vyuma machoni, lakini lenyewe halikumpa simba mahali pa kujificha.

Karatasi ya pili ilimzungumzia Heini Hediger, Mswisi aliyeongoza bustani za wanyama za Bern, Basel na Zürich. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1942, alieleza kuwa mnyama wa porini haishi ovyoovyo. Ana eneo lake, na ndani ya eneo hilo ana njia zake, mahali pa kulala, mahali pa kunywa maji na mahali pa kuacha alama zake. Zaidi ya hayo, kuna umbali ambao mtu akiuvuka, mnyama hukimbia. Kwa hivyo ubora wa kizimba haupimwi kwa ukubwa peke yake, bali pia kwa vilivyomo na kwa jinsi mnyama anavyoweza kuvitumia.

Karatasi ya tatu ndiyo iliyonichoma moyo. Mwaka 2003 watafiti Ros Clubb na Georgia Mason walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya utafiti kuhusu wanyama wala nyama waliofungiwa. Waligundua kuwa wanyama ambao porini huzunguka maeneo makubwa ndio wanaozidi kutembea huku na huko wakiwa kizimbani, na ndio wanaopoteza watoto zaidi. Kutembea kule, kwa njia ileile na mwendo uleule, si uchangamfu. Ni dalili ya mnyama aliyezuiwa kufanya kile ambacho mwili wake unamtaka afanye.

Nilizikumbuka hatua tisa. Nilikuwa nimeyapa mateso ya yule chui alama 10 kwa 10.

Jumamosi mwalimu alinipeleka tena katika kituo cha pili. Tulifika saa tisa alasiri, tukaketi kwenye benchi mbele ya kizimba cha chui. Mtunzaji wa wanyama, mzee mwenye buti za mpira, alitukuta pale.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Mnamtafuta mwenyewe? Yeye ndiye amewaona kitambo."

Nilimweleza kilichonileta, nikamwomba anifundishe jinsi ya kutazama. Alinionyesha mikwaruzo ya kucha kwenye mti uliolazwa. Alinieleza kuwa nyama hawekewi mahali pamoja kila siku. Leo huwekwa nyuma ya jiwe, kesho hufungwa juu ya mti, ili aitafute na kuihangaikia. Mara nyingine huletewa nyasi walizolalia pundamilia, naye hushinda akizinusa na kujigaragaza. "Chui wa porini hupandisha windo mtini ili simba na fisi wasimnyang'anye," alisema. "Huyu hana wa kumnyang'anya, lakini huo mti bado anautaka."

Kisha alinitembeza kwenye vizimba vingine, nami nikaanza kuelewa kwa nini vilitofautiana. Duma si mkwezi hodari kama chui. Anahitaji uwanja mrefu na kichuguu cha kusimama ili atazame mbali, maana yeye huwinda kwa macho na mbio zinazoweza kukaribia kilomita 100 kwa saa. Mondo, yule mwenye masikio makubwa, anahitaji nyasi ndefu, kwa sababu huwasikiliza panya nyasini kisha huwarukia kutoka juu. Simba huishi kwa kundi na hulala sehemu kubwa ya siku, hivyo anahitaji wenzake na kivuli kinachowatosha wote. Kule katika kituo cha kwanza, wote hawa walikuwa wamepewa chumba cha aina moja, kana kwamba ni wanafunzi wa bweni moja.

Tuliporejea kwenye benchi, jua lilikuwa limeanza kushuka. Nyasi zilitikisika ilhali upepo ulikuwa umetulia. Chui alitokea kando ya jiwe, akajinyoosha, akakwea mti bila haraka na kulala juu ya tawi, miguu ikining'inia. Alitutazama mara moja tu, kisha akageuzia uso upande wa pili. Nilitambua kuwa katika siku ile alikuwa amechagua mambo mengi: wapi alale, lini atoke na kama angependa kuonekana nasi. Yule wa kwanza hakuwa na la kuchagua ila kugeuka kushoto au kulia.

Jumatatu nilisimama mbele ya chama kizima. Kukiri kosa mbele ya watu arubaini si mchezo, sauti ilinikauka. Niliichana ripoti yangu, nikawasomea vigezo vipya: Je, mnyama ana mahali pa kujificha? Ana mahali pa juu, ikiwa ni mkwezi? Hupata chakula kwa namna inayomfanya atumie akili na mwili wake? Anaweza kuondoka machoni pa watu anapotaka? Safari hii kituo cha pili kilipata alama nyingi.

"Basi fedha ziende huko!" mwekahazina alisema.

Hapo ndipo nilipowashangaza. Niliomba ziende katika kituo cha kwanza. Kelele zilizuka. Mmoja aliuliza kwa nini tumzawadie anayefuga vibaya. Nilijibu kuwa hatukuchangisha fedha zile ili tuzawadie vituo, bali ili tusaidie wanyama, na mwenye shida zaidi alikuwa yule wa hatua tisa. Nilipendekeza tusitoe pesa taslimu. Tununue magogo, mbao za kujengea jukwaa la juu na mikeka ya matete ya kuzibia upande mmoja wa vyuma. Tulibishana hadi kengele ikalia. Tulipopiga kura, pendekezo langu lilipita kwa kura mbili tu.

Mwalimu aliwaandikia wenye kituo barua ya heshima, nao wakakubali. Mbao zilipigiliwa wakati wa likizo ya Agosti.

Muhula wa tatu tulirudi tukiwa na wanachama wapya. Kizimba kilikuwa kilekile kidogo, na saruji ilikuwa ileile. Nilimwona chui akishuka, akapiga hatua zake tisa mara kadhaa, nikaumia moyoni, kwani mazoea ya miaka hayafutwi na mbao chache. Hata hivyo, baada ya muda mfupi aliruka juu ya jukwaa, akapita nyuma ya matete na kutoweka machoni petu.

Tulisubiri. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza aliyekuwa kando yangu alikunja uso.

"Dada, mbona hapa hakuna kitu?" aliuliza.

Nilimsogezea nafasi kwenye benchi, nikamwambia aketi.