Deni la Shangazi na Majina ya Watu



Sisi ni ndugu watatu wa darasa la jioni, tunakaa Mbagala. Haya tunayaandika kwa idhini ya shangazi yetu, aliyesema tumwite shangazi tu, kwani jina lake limeshatembezwa vya kutosha.

Shangazi anauza samaki wa kukaanga. Mwaka 2024, kabla ya Ramadhani, mtaji ulimkatikia. Jirani akamwelekeza programu ya mikopo ya simu. Yeye hasomi vizuri maandishi madogo, hivyo sisi ndio tuliombonyezea. Ikauliza: isome majina yaliyomo simuni? Isome meseji? Ijue mahali alipo? Tukabonyeza "kubali" mara tatu. Hatukusoma.

Fedha ziliingia upesi, makato yakiwa yameshatolewa. Alipochelewa kurejesha siku mbili, meseji zikaanza kutoka, si kwake bali kwa watu wake: anayemuuzia samaki Feri, mwenyekiti wa kikoba, na Ustadhi wetu. Zilimwita tapeli, na Ustadhi akaambiwa yeye ndiye mdhamini. Maskini, hakuwa na habari yoyote. Shangazi akaacha kwenda kikobani kwa aibu.

Tulidhani kuna mtu aliyemchunguza. Kumbe kazi kubwa ni ya kompyuta. Meseji za kutuma na kupokea fedha zinaonyesha kipato. Majina yanaonyesha unaohusiana nao. Taarifa za maelfu ya wakopaji zikirundikwa pamoja, mashine inalinganisha na kukisia nani atalipa. Lundo kama hilo si baya lenyewe. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa jiji hili kuchora ramani za mitaa inayofurika. Lakini pale mkazi mwenyewe alionyesha mtaro ulipo na maji yanapofika. Kwetu sisi, mwenyekiti wa kikoba hakuulizwa lolote. Namba yake tuliitoa sisi.

Serikali haikulala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokopesha bila leseni. Kwa shangazi ilikuwa imeshapita miezi.

Ya riba tumeshafundishwa, na shangazi anakiri alikosea mlango. Lililotushughulisha ni jingine. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni: liandikwe, kwa uadilifu, na pawe na mashahidi. Shahidi anaitwa, anajua anashuhudia nini. Hapa mashahidi walikuwa wote waliomo simuni, na hakuna aliyeitwa. Tena Suratul Hujurat inakataza kupelelezana na kusengenyana, nasi tulifungua mlango wa yote mawili kwa kidole kimoja.

Deni liliisha baada ya mama kuuza kitenge chake kipya. Programu tukaifuta, ingawa kuifuta simuni hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa. Meseji kwa Ustadhi ziliendelea siku nne zaidi.

Siku moja baada ya swala ya Isha tulimfuata kumwomba radhi. Hakutugombeza. Aliuliza simu ya shangazi ilikuwa na namba ngapi. Tukahesabu palepale: 212.

"Haya," akasema, "mimi nimesamehe. Wamebaki 211."

Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Tunakwenda Ijumaa, baada ya swala, shangazi akiwa mbele. Wengine hucheka na kutupa soda. Mmoja wa Tandika alitufungia mlango. Mpaka tunaandika haya tumefikia watu 38, na wiki ijayo ni zamu ya mwenyekiti wa kikoba, ambaye shangazi amekuwa akimruka kila tunapoandaa orodha.